Ufa Uliofichwa Ndani ya Chuma

Mwanamke anayekwenda sokoni kununua chungu hakitazami kwa macho tu. Hukiinua kwa mkono mmoja, akakigonga kwa kidole cha mkono wa pili, akasikiliza. Chungu kizima hutoa sauti safi inayodumu kidogo. Chungu chenye ufa hutoa sauti iliyokufa, kana kwamba kimejazwa majivu. Ufa wenyewe labda ni mwembamba kuliko unywele, wala jicho haliwezi kuuona. Lakini mwanamke yule ameujua, na chungu hakikuvunjika. Mfinyanzi hukirudisha pembeni, naye mnunuzi akachagua kingine.

Habari ya somo hili ni kazi ile ile ya kutafuta ufa bila ya kukivunja chombo, ila chombo chenyewe si cha udongo bali ni cha madini, kama vile chuma, shaba au alumini. Mtu aliyeuziwa chungu kibovu hupoteza maharagwe yake na kuni zake. Lakini ufa katika ekseli ya gari la moshi, au katika mwili wa eropleni, huua watu.

Watu wengi hudhani ya kuwa chuma hakichoki. Miguu ya mtu huchoka, na ng'ombe wa kulima huchoka, bali chuma, wasema, ama ni kizima ama kimevunjika. Sivyo. Chukua kipande cha waya mnene, ukipinde mara moja, hakivunjiki. Kinyoshe, ukipinde tena mahali pale pale. Ukiendelea hivyo, utaona mahali pale panapata joto, kisha panafanya mstari mweupe, na mwisho waya unakatika vipande viwili. Wala mara ya mwisho hukutumia nguvu kupita mara ya kwanza. Kilichoukata waya si ukubwa wa nguvu, bali ni wingi wa mara. Ufa ulianza mdogo kabisa, na kila ulipopinda uliongezeka kidogo, mpaka sehemu iliyobaki ikawa haiwezi tena kuuchukua mzigo.

Tarehe 8 Mei 1842 gari la moshi lilikuwa likirudi Paris kutoka Versailles, katika nchi ya Ufaransa, limejaa watu waliokwenda kutazama sikukuu ya mfalme. Ekseli ya injini, yaani mhimili wa magurudumu, ikavunjika. Mabehewa yakapandana na moto ukashika. Watu zaidi ya 50 wakafa, kwa kuwa milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Ekseli ile ilikuwa imezunguka mara nyingi mno kabla ya siku ile. Tangu hapo wataalamu wa Ulaya wakaanza kuchunguza kwa bidii jinsi chuma kinavyochoka, nao mafundi wa reli wakazoea kugonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza, sawasawa na yule mwanamke wa sokoni.

Lakini habari iliyowafundisha watu zaidi ni ya eropleni iliyoitwa Comet.

Tarehe 2 Mei 1952 Comet moja ya Kiingereza iliondoka London kwenda Johannesburg. Hii ndiyo mara ya kwanza ulimwenguni abiria waliolipa nauli kuchukuliwa kwa safari za ratiba na eropleni ya injini za jeti. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe katika Uganda, na Livingstone. Eropleni za zamani zilikuwa na kelele na mtikisiko mwingi. Hii ilikwenda upesi na kwa utulivu, juu sana kupita mawingu. Huko juu hewa ni nyembamba mno, mtu hawezi kuishi. Kwa sababu hiyo hewa ilisindiliwa ndani ya chombo, kama inavyosindiliwa ndani ya mpira wa kuchezea. Basi kila Comet ilipopaa, mwili wake ulivimba kidogo sana, na kila iliposhuka ulinywea. Hapana abiria aliyeona jambo hilo. Walakini alumini ya mwili ule ilikuwa ikipindwa na kunyoshwa, safari baada ya safari, kama ule waya.

Tarehe 10 Januari 1954 eropleni ile ile iliyokuwa imetua Entebbe katika safari ya kwanza ilipaa kutoka Roma ikielekea London, nayo ikapasuka hewani karibu na kisiwa cha Elba. Watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Comet zote zikazuiwa kuruka. Zikatazamwa, zikatengenezwa hapa na pale, kisha zikaruhusiwa tena, maana hapana aliyeijua sababu. Tarehe 8 Aprili mwaka ule ule Comet ya pili ikapasuka baada ya kutoka Roma kwenda Kairo, na watu 21 wakaangamia baharini karibu na Naples. Ndipo Comet zote ziliponyang'anywa ruhusa ya kuchukua watu.

Manowari za Kiingereza zikaenda kuvua vipande vya eropleni ya kwanza katika kina cha bahari. Wakati huo huo, huko Farnborough katika Uingereza, wataalamu chini ya Sir Arnold Hall walichukua Comet nyingine nzima, wakaiweka ndani ya tangi kubwa, mabawa yamejitokeza nje, wakaijaza maji ndani na nje. Kisha wakawa wakiyasukuma maji ya ndani kwa nguvu na kuyalegeza, usiku na mchana, ili mwili uvimbe na kunywea kana kwamba unapaa na kushuka. Eropleni ile ilikuwa imesafiri kwa kweli mara 1,221. Katika tangi ilisafirishwa mara 1,836 zaidi, na ilipotimia jumla ya 3,057 mwili wake ulipasuka. Ufa ulikuwa umeanzia karibu na pembe ya dirisha, kwenye tundu dogo la msumari. Vipande vilivyovuliwa baharini vilionyesha jambo la namna ile ile. Eropleni iliyoanguka Elba ilikuwa imekwisha safari 1,290, na ile ya Naples 900 tu.

Hivyo siri ilijulikana. Lakini angalia jinsi ilivyojulikana. Eropleni ya Farnborough ilitoa siri yake kwa kuvunjika. Haiwezekani kila eropleni ivunjwe ili ijulikane kama ilikuwa nzima. Chungu kilichovunjwa ili kipimwe hakipikiwi tena. Lilitakiwa jicho lingine, liwezalo kuona pembeni mwa tundu la msumari ufa ambao bado ni mchanga, usiofika hata upana wa punje ya mtama.

Njia zilikuwapo, nazo zipo hata leo. Katika karakana za reli mafundi walikuwa wakikitia chuma katika mafuta, wakakifuta kikakauka, wakakipaka chokaa nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalitoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chokaa. Ni werevu mzuri, lakini ufa ulio chini ya rangi, au uliofunikwa na bati la juu, haunywi mafuta wala hauyatoi. Miale ya eksirei, iliyovumbuliwa na Röntgen mwaka 1895, hupenya ndani na kupiga picha. Lakini yahitaji mitambo mikubwa, na hudhuru mwili wa mtu asiyejikinga. Njia ya tatu ni ya umeme, nayo asili yake ni ya zamani kuliko eropleni zote.

Mwenye asili hiyo alikuwa mwana wa mhunzi. Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, katika nyumba ya watu maskini. Alipokuwa na miaka 14 alitiwa katika kazi ya kujifunza kujalidi vitabu. Mwanafunzi mwingine wa kazi ile angalivishona vitabu na kuvirudisha kwa wenyewe. Faraday alivisoma kabla ya kuvirudisha. Kwa kusoma hivyo alipata elimu ya umeme, na mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika nyumba ya elimu ya London iitwayo Royal Institution.

Mwaka 1831 Faraday alionyesha ya kuwa sumaku yaweza kuzaa umeme. Alizungusha waya wa shaba mara nyingi kama uzi juu ya kijiti, ukawa kitu ambacho mafundi hukiita koili. Akaingiza sumaku ndani ya koili, na mshale wa kipimo cha umeme ukacheza. Alipoiacha sumaku imetulia ndani, mshale ulirudi mahali pake, na umeme haukuwapo. Alipoichomoa, mshale ukacheza tena, upande wa pili. Basi si sumaku peke yake izaayo umeme, bali ni kule kubadilika kwa nguvu ya sumaku, kuongezeka kwake au kupungua kwake. Sumaku iliyolala haizai kitu.

Kadhalika ikiwa mahali pa waya pana bati pana la shaba au alumini, umeme huzaliwa ndani ya bati. Na kwa kuwa hauna waya wa kuufuata, huzunguka mle mle kwa viduara. Mtu aliyetazama mto wenye mawe anaijua sura yake: maji yapitayo kwa nguvu kando ya jiwe huacha nyuma yake maji yanayozunguka mahali pamoja. Kwa mfano huo umeme wa namna hii huitwa mikondo ya kuzunguka. Mfaransa Léon Foucault aliudhihirisha mwaka 1855 kwa kuzungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa: sahani ikawa nzito kuzungushwa, kama kwamba inazungushwa ndani ya asali, tena ikapata joto, ijapokuwa hapana kitu kilichoigusa.

Mwenye bomba la shaba nyekundu na sumaku yenye nguvu iwezayo kupita ndani yake ataweza kuliona jambo hili mwenyewe. Alisimamishe bomba, aangushe kwanza ndani yake kipande cha chuma cha ukubwa ule ule. Kitafika chini mara moja. Kisha aangushe sumaku. Itashuka polepole, hata mtazamaji apate kudhani imenasa. Shaba haivutwi na sumaku, kila mtu anajua. Ni ile mikondo iliyozaliwa ndani ya shaba inayoizuia sumaku isianguke. Maana mikondo hii ina tabia moja: siku zote hupingana na badiliko lililoizaa. Tabia hiyo ndiyo inayoleta faida katika kutafuta ufa.

Mwaka 1879 bwana mmoja wa London, David Hughes, alitengeneza chombo chenye koili mbili mbili zilizolingana kama mizani, na simu ya kusikilizia. Koili zilipolingana simu ilinyamaza. Alipoweka sarafu karibu na koili za upande mmoja, simu ikalia; alipoweka sarafu ya pili iliyo sawa kabisa upande wa pili, ikanyamaza tena. Lakini sarafu ya pili ikiwa ya uongo, au hata ikiwa imekwisha kulika kwa kutumiwa, simu haikukubali kunyamaza. Hivyo Hughes alipima madini bila ya kuyakata, kuyachoma wala kuyakwaruza.

Miaka miwili baadaye chombo cha namna hii kilitumiwa kwa shida kubwa. Tarehe 2 Julai 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, nayo risasi ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, akaja na koili zake katika nyumba ya Rais aitafute bila ya kisu. Chombo kilikuwa kizuri. Alikwisha kukijaribu kwa risasi zilizofichwa, nacho kikaziona. Lakini karibu na Rais kilitoa sauti ovyo isiyosema mahali. Baadaye Bell akapata habari ya kuwa chini ya godoro la Rais palikuwa na nyaya za chuma cha pua, nazo zilikuwa zikijibu pamoja na risasi. Tena daktari mkuu alikuwa na hakika ya kuwa risasi iko upande wa kulia, akaruhusu kutafuta upande huo tu. Garfield alikufa tarehe 19 Septemba. Mwili ulipopasuliwa risasi ilikutwa upande wa kushoto. Mikondo haikusema uongo hata mara moja. Iliulizwa mahali pasipo na risasi, na katika kitanda kilichojaa chuma.

Katika karne ya ishirini kazi hii ilitoka katika simu na kuingia katika viwanda. Aliyeiendeleza kupita wengine ni Mjerumani Friedrich Förster, ambaye mwaka 1948 alianzisha karakana yake katika mji wa Reutlingen. Yeye alitafuta kwa hesabu jinsi ya kutenganisha majibu yanayochanganyikana, ili fundi ajue kama badiliko aonalo limeletwa na ufa, au na madini kuwa ya namna nyingine, au na mkono wake kutetemeka.

Sasa mtazame fundi huyo akiwa kazini katika banda la eropleni. Ameshika mkononi kipimio chembamba kama kalamu. Katika ncha yake mna koili ndogo, na kutoka hapo waya unakwenda kwenye sanduku lenye kioo. Sanduku hupeleka katika koili umeme wa kwenda na kurudi, maelfu ya mara kwa sekunde moja. Kwa hiyo nguvu ya sumaku ya koili hubadilika pasipo kupumzika, na fundi anapoigusisha ncha kwenye alumini, mikondo ya kuzunguka huzaliwa mle ndani. Mikondo hiyo huisukuma nguvu ya koili, na koili huuhisi msukumo huo. Katika kioo nukta ya nuru husimama mahali pamoja.

Fundi husogeza kipimio kandokando ya ribiti, zile pini zilizopigwa vichwa ili kuunga bati na bati. Maadamu alumini ni nzima, nukta imetulia. Lakini pakiwa na ufa, mikondo haiwezi kuuruka, kwa kuwa ufa ni nafasi tupu. Sharti izunguke pembeni au ipite chini yake, kama watu wanavyolizunguka gogo lililoanguka njiani. Njia ikiwa ndefu, mkondo hudhoofika. Ukidhoofika, koili huhisi msukumo umepungua. Na pale pale nukta huruka. Rangi nyembamba iliyopakwa juu ya bati haizuii kitu, wala hapana haja ya kuibandua. Fundi apitapo tena mahali pale, nukta huruka tena. Akiondoka eropleni imebaki kama alivyoikuta, haina hata mkwaruzo.

Je, afanyeje ikiwa ufa hauko juu bali uko katika bati la pili, chini ya lile la kwanza? Hapo hubadili wepesi wa umeme. Umeme uendao na kurudi upesi sana hukaa karibu na uso wa madini. Ule wa polepole huzama. Katika alumini safi, umeme wa mara 100,000 kwa sekunde hupungua hata kuwa kama theluthi ya ule wa juu, ukifika kina cha robo ya milimita tu. Ukipunguzwa kuwa mara 1,000 kwa sekunde, hufika milimita mbili na nusu na zaidi kidogo kabla ya kupungua hivyo. Basi fundi huchagua: wepesi mwingi kwa ufa mdogo ulio juu, wepesi mchache kwa ufa uliozama. Hawezi kupata yote mawili kwa mara moja, maana mikondo ya polepole huona mbali lakini haioni kitu kidogo sana.

Kuna mambo mengine ambayo chombo hiki hakiwezi. Kitu kisichopitisha umeme hakizai mikondo, kwa hiyo mti, kioo na udongo haviwezi kupimwa hivi. Mwanamke wa sokoni na abaki na kidole chake. Tena ufa uliolala sambamba na njia ya mikondo huweza kupitwa bila ya kujulikana, kwa kuwa haukati njia. Tena kipimio kikiinuliwa kidogo tu kutoka kwenye bati, nukta huruka kana kwamba pana ufa. Kwa sababu hii fundi hushika kwanza kipande cha mfano, kilichofanywa kwa madini yale yale ya eropleni, chenye mikwaruzo iliyokatwa makusudi kwa kina kinachojulikana. Hupitisha kipimio juu ya mikwaruzo hiyo, ajifunze jinsi nukta inavyoruka kwa kila kina, ndipo aende kwenye eropleni. Asiyeanza na kipande cha mfano hapimi, anapapasa tu.

Ugumu mkubwa kupita yote hauko katika sanduku. Eropleni moja ina ribiti maelfu na maelfu. Mara nyingi kazi hufanywa usiku, kwa kuwa mchana eropleni iko safarini. Fundi husimama juu ya jukwaa, taa machoni, akipita ribiti moja, na ya pili, na ya mia tano, na zote hazina ufa. Baada ya saa nyingi jicho bado liko wazi, lakini akili imekwenda nyumbani. Na ribiti yenye ufa haina saa yake. Yaweza kuwa ya kwanza, yaweza kuwa ya elfu mbili.

Tarehe 28 Aprili 1988, katika visiwa vya Hawaii, eropleni ya namna ya Boeing 737 ilipaa kutoka Hilo kwenda Honolulu, ikiwa na watu 95. Ilikuwa imetengenezwa mwaka 1969, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa safari fupi za kisiwa hata kisiwa, ilikuwa imekwisha kupaa na kushuka mara 89,680. Ilikuwa imekaa miaka hiyo yote katika hewa ya chumvi. Mabati yake yalikuwa yameungwa kwa gundi na ribiti pamoja. Gundi ikaachia, maji yakaingia, na mzigo wote ukabaki juu ya ribiti. Basi kandokando ya ribiti nyingi pakaanza nyufa ndogo ndogo, zimepangana kwa mstari mmoja. Kila karani aujua mstari wa namna hiyo: karatasi ya stempu hutobolewa matundu madogo ili ichanike vizuri.

Ilipofika futi 24,000 juu ya bahari, ilichanika. Kipande cha dari na kuta zake, kama futi 18 kwa urefu, kiling'oka, na abiria wakabaki wamefungwa katika viti vyao, juu yao ni mbingu tupu. Mtumishi mmoja wa abiria, aliyekuwa amesimama katikati, alichukuliwa na upepo asionekane tena. Watu 65 waliumia. Marubani waliishusha eropleni ile katika kisiwa cha Maui baada ya dakika 13 hivi, nao wengine wote wakaokoka. Baadaye abiria mmoja alisema ya kuwa alipokuwa akipanda aliona ufa karibu na mlango, lakini hakumwambia mtu.

Mwaka uliotangulia, yaani 1987, serikali ya Marekani ilikuwa imeamuru maungio fulani ya eropleni za namna ile yatazamwe kwa makini, na pakionekana ufa, sehemu iliyobaki ipimwe kwa mikondo ya kuzunguka. Mwezi wa Novemba mwaka huo mafundi waliitazama eropleni hii, wakaona nyufa mbili, wakazitengeneza. Lakini wachunguzi wa ajali walipovifungua vitabu vya kazi, hawakukuta mahali palipoandikwa ya kuwa kipimo cha umeme kilifuata. Katika taarifa yao ya mwaka 1989 hawakutaja chuma na gundi tu. Walitaja pia uchovu wa kazi hii ya kutazama ribiti baada ya ribiti. Baada ya ajali ile eropleni zilizozeeka ziliwekewa sheria kali zaidi, na kipimo cha mikondo kikaagizwa mahali pengi ambapo zamani macho yalidhaniwa kuwa yatosha.

Kwa hiyo katika mabanda yanayofuata sheria hizo kazi hupangwa kwa namna ambayo mgeni angeiona ni ya ukaidi. Fundi akiona nukta inaruka, hasemi mara moja ya kuwa pana ufa. Hurudi kwenye kipande cha mfano, ajue kama sanduku bado linasema kweli. Hurudi tena kwenye ribiti, akapita upande wa kulia na upande wa kushoto. Nukta ikiruka vile vile, huzungushia mahali pale alama, na ribiti huondolewa ili tundu lenyewe lipimwe ndani kwa koili nyembamba inayozunguka. Ufa ukiwa mfupi, tundu huchimbwa kupanuliwa mpaka ufa wote utoke, kisha hupimwa tena kabla ya kutiwa ribiti kubwa zaidi. Ukiwa mrefu, bati hukatwa, na eropleni hailali nje ya banda mpaka limewekwa jipya.

Na ikiwa amepita ribiti zote za ungio lile usiku kucha, na nukta haikuruka hata mara moja, bado hajamaliza. Hufungua kitabu cha kazi, akaandika jina la ungio, namba ya kipimio, kipande cha mfano alichotumia, wepesi wa umeme aliouchagua, tarehe na saa. Na mbele yake huandika ya kuwa hakuona ufa, akatia sahihi.